Risasi ya Mgeni Rasmi

Mume wangu Ismail alikuwa na neno moja tu alilolijua vizuri, nalo ni "ndiyo". Njoo, ndiyo. Nenda, ndiyo. Jeshini wakampenda kwa neno hilo, wakampandisha mpaka usajini, kisha wakamweka getini awe anainua na kushusha fito magari ya wakubwa yanapopita. Mtaani kwetu Pugu wakampenda zaidi, maana mtu akitaka wa kumchimbia shimo la taka siku ya Jumapili anabisha hodi kwangu, hata kama Ismail mwenyewe kalala na homa.

Mimi ni Mzaramo. Kwetu mtu akikukera unamwambia, na akikukera sana unamwimbia ngomani. Nikaolewa na Mmakonde wa Newala asiyejua kukataa. Shangazi zangu walisema nimepata bahati, mume mpole kama yule haokotwi njiani. Nao walikuwa wakimtuma kama kawaida kila wakija.

Mfano mzuri ni habari ya kunguru. Jirani yetu Mashaka, fundi baiskeli, anafuga kuku, na kunguru walikuwa wanamwibia vifaranga. Akaja kwangu akichekacheka.

"Shem, mwambie braza anipigie hata mmoja tu, wengine wapate adabu."

Ismail akasema ndiyo. Akachukua manati, akaokota jiwe, akamwangusha kunguru mmoja kutoka juu ya nguzo ya umeme kama anaangua embe. Asiyewajua kunguru wa Dar es Salaam hajui kinyongo ni kitu gani. Wale wafiwa walimshika Ismail kwa sura. Akitoka nje tu wanamshukia, ikawa hawezi kwenda chooni bila sufuria kichwani, na nguo zangu nikizianika wanazichafua wao. Mashaka, aliyeiomba kazi hiyo, hawakumgusa hata siku moja. Aliendelea kula mayai yake kwa amani.

Jicho lile halikuwa la kubahatisha. Kila mwaka kambini askari hupimwa kulenga, na kila mwaka karatasi ya Ismail ilirudi na tundu moja tu katikati, kwa kuwa risasi zote zilipita palepale. Hakuna aliyejali, mpaka alipokuja kutazama Meja mstaafu Marijani. Huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha kulenga shabaha, chama chenye viongozi wengi na katiba nene, lakini kisicho na mpigaji hata mmoja wa kupeleka popote. Alipoiona karatasi ya Ismail alimkumbatia mbele za watu, akamwambia atampeleka Olimpiki. Ismail akasema ndiyo, afande.

Nilipoambiwa kwamba huko Olimpiki atapiga bunduki ya upepo nilicheka mpaka nikakaa chini. Bunduki ya upepo, ile wanayopigia njiwa! Risasi yenyewe kama punje ya mtama, na shabaha iko mita kumi tu, yaani kutoka mlangoni kwangu mpaka ukuta wa banda la kuku la Mashaka.

"Baba Shamimu," nikamwambia, "mita kumi mie nakupata kwa kandambili, na unajua."

Hakukasirika. Alichukua kalamu ya binti yetu Shamimu, akaenda kwenye ukuta wa banda, akaweka nukta ndogo kuliko punje ya ufuta. "Hiyo ndiyo alama kumi," akasema. "Haya, rusha kandambili." Kutoka mlangoni hata sikuiona.

Bunduki ya chama ilikaa stoo ya chama, na ufunguo wa stoo ulikaa kwa mtu ambaye siku zote alikuwa kwenye kikao. Kwa hiyo mjomba wake Ismail, mchongaji vinyago, alimchongea bunduki ya mpingo yenye uzito uleule. Jioni akitoka getini anasimama nayo sebuleni, analenga ukuta, hapepesi, hatikisiki. Kuku wa Mashaka aliingia siku moja akataga kando ya mguu wake, na Ismail hakujua mpaka alipolikanyaga yai. Majirani wakaanza kuulizana kama ana jini. Mimi nilisema laiti angekuwa nalo, pengine lingekuwa na ujasiri wa kugombana na watu.

Siku moja nikamuuliza kwa dhati anapenda nini katika kusimama hivyo. Alifikiri sana, maana maneno kwake huja kwa tabu.

"Jeshini, mama Shamimu, unapiga ukiambiwa piga," akasema. "Kule kwenye mashindano unaachiwa saa nzima na robo. Hakuna wa kukwambia piga. Unasubiri moyo utulie. Ukiona haujatulia unashusha bunduki, unaanza upya, na hakuna wa kukufokea. Mie tangu nizaliwe sijawahi kuachiwa kitu hivyo."

Tangu siku ile sikumcheka tena. Nilimwonea huruma, nikamwonea na wivu kidogo, kwa kuwa na mimi ni mtu mzima na sina mahali pa namna hiyo. Nikawa namfukuza Mashaka mlangoni akija na maombi yake.

Basi ikatangazwa siku ya jaribio. Ili jina la Ismail likubaliwe huko Olimpiki ilibidi afikishe alama za chini zilizowekwa, mbele ya mwamuzi kutoka nje ya nchi, mara moja tu, hakuna marudio. Akishindwa, nafasi imekwenda, na yeye anarudi getini kwenye fito. Chama kikaunda kamati ya maandalizi. Kamati ikaunda kamati ndogo ya mapambo, na kamati ndogo ya chakula, na ya itifaki, zote zikawa zinakutana kwenye hoteli moja Mbezi Beach, kwa maelezo kwamba upepo wa bahari unasaidia kufikiri. Ismail aliendelea kulenga ukuta kwa kinyago chake.

Jaribio likiwa limekaribia, Meja Marijani alikuja nyumbani mchana. Nikampa juisi ya ukwaju na kiti kizuri. Ismail alibaki amesimama.

"Kaa, sajini."

"Ndiyo, afande," akasema, akaendelea kusimama.

"Mgeni rasmi amethibitisha. Ni Mheshimiwa Alfonsi mwenyewe. Sasa nikuulize. Timu za mtaani zikifungua ligi, mgeni rasmi akipiga penalti ya uzinduzi, kipa hufanyaje?"

"Huruka upande wa pili, afande."

"Kwa nini?"

"Ili mgeni rasmi afunge, afande."

"Safi sana." Meja akanywa juisi, akafuta masharubu. "Sasa ishu ni hii. Mheshimiwa atafungua jaribio letu kwa risasi ya uzinduzi. Na sie huku hatuna kipa. Shabaha haiwezi kuruka imfuate. Ametoa ahadi nzito kwa chama, akikosa mbele ya kamera tumekwisha. Meza ya kulengea iliyo kando yako itakuwa tupu. Yeye atasimama hapo. Nikihesabu tatu, yeye anapiga, na wewe unapiga karatasi yake. Mlio utakuwa mmoja."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Shikamoo tena, afande," nikaingilia. "Na hiyo risasi ya baba Shamimu inahesabiwa ya nani?"

"Ya Mheshimiwa, mama."

"Na kwenye hesabu za Ismail?"

"Sifuri," akasema Ismail taratibu. "Ukipiga karatasi ya jirani wanakuandikia sifuri."

"Sifuri moja kwa mtu kama yeye ni nini?" Meja akasema, akaweka glasi chini. "Sajini, tumeelewana?"

Mnajua alichojibu.

Mgeni alipoondoka nilisema mpaka koo likaniuma. Nilimwambia wamemfanya kipa wa bunduki, jambo ambalo hata vichaa hawajalifikiria. Nilimwambia mahali pake pekee pa kuachiwa, hapo hapo ndipo wamekuja kumwambia piga. Yeye alikaa anasugua bunduki yake ya mpingo kwa kitambaa.

"Moja naimudu, mama Shamimu," akasema mwishowe. "Nimepiga hesabu. Sifuri moja navuka kwa unywele. Mbili sivuki."

Siku ilipofika nilivaa khanga mpya, nikafika mapema kwenye ghala la zamani huku kwetu Pugu ambalo chama kililigeuza ukumbi wa kulengea. Mbele kulikuwa na meza, kila mpigaji na meza yake, na mita kumi mbele yake karatasi yake ya shabaha. Kamati ya mapambo ilikuwa imefanya kazi. Kati ya karatasi ya Ismail na ile ya meza tupu walikuwa wametundika bango kubwa lenye sura ya Mheshimiwa Alfonsi anatabasamu, ili kamera ikielekezwa huko imwone vizuri. Picha ya Ismail haikuwapo popote. Watu walivaa fulana zenye sura ya Mheshimiwa kifuani na jina la chama mgongoni.

Mwamuzi alikuwa mama mmoja kutoka Kenya, Madam Kerubo, mfupi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Salamu zake zilikuwa za kuhesabu. Saa tatu kamili aliweka filimbi mdomoni.

Meja Marijani akamkimbilia. "Madam, samahani, mgeni rasmi bado hajafika."

"Ako wapi?"

"Yuko njiani."

"Basi akifika atatupata hapa," akasema, akapuliza.

Ukumbi mzima uliguna. Kwetu hata maiti humsubiri mgeni rasmi. Lakini wapigaji wakaanza, na Ismail akaanza nao. Nilikuwa sijawahi kumwona na bunduki ya kweli. Anainua, anakaa, anapumua, anakaa tena, halafu pa! kidogo tu, kama mtu anavunja kijiti. Mara nyingine anainua, anasubiri, anashusha bila kupiga, anaangalia sakafu kidogo, anaanza upya. Mabega yake yalikuwa yamelegea. Nyumbani mabega yale huwa juu muda wote kama anasubiri kuitwa, na ndiyo kwanza nikaona jinsi mume wangu anavyokaa akiwa ameachwa.

Walikuwa wamefika zaidi ya nusu ving'ora vilipolia nje. Ukumbi wote ukasimama. Mheshimiwa Alfonsi akaingia, mnene, mchangamfu, anapungia hata ukuta, mlinzi wake nyuma. Meja akashika kipaza sauti, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kwa kutaja kila aliyekuwapo isipokuwa waliokuwa wakipiga.

Madam Kerubo alimsikiliza huku anaangalia saa. "Risasi moja," akasema. "Apige kwa hiyo meza tupu. Lakini saa yangu haisimami."

Mheshimiwa akapewa bunduki ya akiba ya chama. Aliishika kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga ghafla. Meja akasimama nyuma, katikati yake na Ismail, akahesabu kwenye kipaza sauti.

"Moja! Mbili! Tatu!"

Pa. Mlio mmoja, kweli.

"Kumi!" Meja akapiga kelele kabla hata hajatazama. Karatasi ikaletwa, na kweli, tundu moja katikati kabisa, kwenye ile nukta ya ufuta. Risasi ya Mheshimiwa sijui ilikwenda wapi, pengine bado iko njiani. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, wanafulana wakarukaruka. Mheshimiwa alishangaa kidogo, halafu mshangao ukamtoka upesi kama pombe ya bure inavyokwisha.

"Mie huu ulikuwaga mchezo wangu tangu sekondari," akasema kwenye kipaza sauti.

Nilimtazama Ismail. Alikuwa anaangalia sakafu. Ilikuwa risasi yake nzuri kuliko zote za siku ile, na mwenzake alikuwa anapigiwa makofi kwa ajili yake. Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeiba. Nikajiambia basi, sifuri ni moja, tumemalizana nao.

Ndipo wapigapicha wakaingia wakifuta midomo. Walikuwa nje wanakunywa supu ya kamati ya chakula.

"Jamani, mmepata?" Meja akawauliza.

"Hatujapata, mkuu. Mheshimiwa arudie kidogo tu."

"Hakuna neno, narudia," akasema Mheshimiwa kwa ukarimu, na bunduki akaiinua mwenyewe.

Madam Kerubo alikuwa upande wa pili anashughulika na karatasi ya mpigaji mwingine. Meja akainama sikioni kwa Ismail. Nilikuwa nimekaa nyuma yao na nikasikia. "Moja tena, sajini."

Niliona shingo ya mume wangu ikikakamaa na mabega yakipanda. Nilitaka kupiga kelele. Mimi Tunu, ninayejulikana mpaka Segerea kwa mdomo wangu, nilifumbua kinywa na hakikutoka kitu. Sifuri ya pili ilikuwa ndiyo geti, ndiyo fito, mpaka astaafu. Ismail akainua bunduki.

"Moja! Mbili!"

Ismail akashusha bunduki. Akaiweka mezani taratibu, mikono kando.

"Tatu!"

Pa. Mlio mmoja, na ulikuwa wa Mheshimiwa peke yake.

Pale kwenye bango, kwenye sura inayotabasamu, katikati ya nyusi, palikuwa na tundu jipya. Mlinzi, ambaye alifundishwa kazi yake lakini hakufundishwa bunduki za upepo, alimrukia Mheshimiwa akamlalia sakafuni. Mwanamke mmoja mwenye fulana akaanza kulia kama msibani.

"Nani amempiga Mheshimiwa?" Meja akaunguruma. Halafu bila kusubiri jibu akaelekeza kidole. "Sajini amekosea shabaha! Hiyo ni ya sajini!"

Kila mtu alikuwa ameona Ismail hakupiga. Na kila mtu akageuka kumtazama Ismail kwa macho ya kumwomba aipokee tu, yaishe, twende tukale pilau. Hata Mashaka, niliyekuja naye, akaninong'oneza, "Shem, akubali tu, kwani inamuuma nini?" Nilimfinya mpaka akaruka.

Madam Kerubo akaja kwa hatua fupifupi, akavaa miwani, akalitazama bango, akamtazama Ismail.

"Sajenti. Hii risasi ni yako ama si yako?"

Meja akasogea. "Sajini, jibu vizuri. Ni yako. Ndiyo?"

Neno lilikuwa limeshawekwa mdomoni mwake, lilelile analolijua, limebaki kutamkwa tu. Ismail alisimama wima, visigino pamoja. Nilimwona anapumua, akakaa, akapumua tena.

"Hapana," akasema.

"Hapana nani?" Meja akafoka.

"Hapana, afande."

Sijui nani mwingine alisikia nilivyocheka. Nilicheka na machozi yakanitoka, na nilimpenda mwanamume yule kuliko siku alipokuja kwetu kuposa amevaa viatu vya kuazima.

Lakini hakuwa amemaliza. Mtu aliyekaa na neno miaka yote halafu likatoka, hulifuatisha na jingine. "Ile ya kwanza ndiyo yangu, madam," akasema. "Ile ya katikati, kwenye karatasi ya Mheshimiwa. Niandikie sifuri yangu. Hii ya kwenye sura siijui."

Madam Kerubo akahesabu matundu kwenye karatasi za Ismail, akatazama karatasi ya meza ya pili, akatikisa kichwa. "Kweli," akasema. "Sifuri moja. Na bado una risasi, sajenti, na saa yangu haijasimama." Akarudi kwenye kiti chake.

Sasa Mheshimiwa, akisaidiwa kuinuka sakafuni, alikuwa amebaki na rekodi moja tu maishani, nayo ni ya kujipiga mwenyewe usoni. Nilimwangalia Meja Marijani akijikuna kidevu. Nakiri yule mzee hakupewa umeja bure. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi!" akasema, na sauti haikutetemeka. "Mheshimiwa ametufundisha kwa vitendo! Kiongozi bora hamlengi mwananchi. Kiongozi bora hujilenga yeye kwanza! Huko ndiko kujikosoa!"

Halafu makofi ya kwanza, ya pili, na ukumbi mzima ukasimama. Yule mwanamke aliyekuwa analia akapiga kigelegele na machozi bado mashavuni. Mheshimiwa akafuta vumbi kwenye koti, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akamwomba mpigapicha ampige amesimama kando ya tundu lake. Kesho yake picha ile ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Kumbe wangeweza kupona tangu mwanzo bila kumgusa mume wangu.

Katikati ya kelele zile zote Ismail alikuwa ameshageuka. Bendi ya tarumbeta inaingia, pilau linanukia, yeye analenga. Anainua, anashusha, anaanza upya. Alimaliza filimbi ya mwisho ikikaribia, na Madam Kerubo alipojumlisha, alikuwa amevuka kwa unywele, kama alivyosema. Waliompongeza ni mimi na wapigaji wenzake. Wengine walikuwa kwenye foleni ya sahani.

Msafara wa Olimpiki ulipotangazwa ulikuwa na mkuu wa msafara, ambaye ni Mheshimiwa Alfonsi, na naibu wake, ambaye ni Meja, na mtu wa itifaki, na mshauri wa mkuu wa msafara, na daktari wa timu, ambaye baadaye nilisikia ni daktari wa mifugo. Ismail alikuwa wa mwisho kwenye orodha, chini ya mtu wa mizigo. Siku ya kukabidhiwa bendera ya taifa, bendera alikabidhiwa Mheshimiwa, na Ismail akashikishwa pembe moja ili isiguse chini. Sikuudhika sana. Nilijua wakifika huko hakuna hata mmoja wao atakayeruhusiwa kuvuka mstari na kusimama naye.

Matokeo nawapa mapema msije mkanisumbua: alikuwa wa tatu kutoka mkiani. Mtaani walisema ameenda kutembea. Kambini walimrudisha getini, na fito ileile anaiinua mpaka leo. Ila shangazi zangu wanalalamika kwamba mume wangu ameharibika, siku hizi ukimtuma anaweza kukuuliza kwa nini. Na Mashaka alipokuja na habari nyingine ya kunguru alijibiwa neno moja, akaenda kununua chandarua cha banda.

Kitu ninachokikumbuka ni mchana ule walipomwonyesha. Tulijazana barazani kwa Mashaka mbele ya televisheni, mtaa mzima, watoto mbele, wazee kwenye mabenchi. Muda mwingi walionyesha watu wa nchi nyingine. Mara wakaonyesha jukwaani, tukamwona Mheshimiwa Alfonsi anapungia na Meja kando yake kasinzia, tukapiga makofi. Halafu, kwa ghafla, Ismail.

Amesimama na jezi ya taifa, bunduki shavuni, peke yake. Kulia na kushoto wenzake walikuwa wameshapiga, wanaweka risasi nyingine. Yeye bado. Hapepesi, hatikisiki.

"Haya, piga," mtu mmoja akasema nyuma.

Bado.

"Piga, braza!" Mashaka akapiga kelele. "Wenzio wanamaliza hao! Piga!"

"Piga!" wakapokea watoto. "Piga! Piga! Piga!" Baraza lote likawa linaamuru, mzee mmoja anagonga bakora sakafuni, mama mmoja anahesabu moja, mbili, tatu. Na Ismail, mbele ya dunia nzima, akashusha bunduki. Akaangalia sakafu. Akavuta pumzi.

Baraza likaguna kwa uchungu. Mashaka akashika kichwa. "Anafanya nini huyu? Shem, anafanya nini?"

Niliangalia mabega yake. Yalikuwa yamelegea.

"Mwacheni," nikawaambia. "Atapiga akitaka."